Mgeni Aliyetumwa na Wenyeji

Kwetu Kasulu, karibu na mpaka wa Burundi, ukienda kuomba kitambulisho huulizwi sana unafanya kazi gani. Unaulizwa bibi mzaa baba alizaliwa upande gani wa Mto Malagarasi, na nani atathibitisha. Wa kuthibitisha walishazikwa. Nimekaa kwenye madawati ya magazeti ya Dar es Salaam karibu maisha yangu yote, nikinyoosha sarufi kwenye hotuba za mabalozi, lakini nikirudi nyumbani bado ni mtu wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo mnivumilie nikionyesha upendeleo kwa mtu ninayetaka kumzungumzia leo.

Edward Wilmot Blyden hakuzaliwa Afrika. Alizaliwa mwaka 1832 katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, wakati huo koloni la Denmark. Mwaka 1850 alikwenda Marekani kutafuta chuo cha kusomea uchungaji, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akapanda meli. Januari 1851 alishuka Monrovia, kijana wa miaka 18, katika nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu itangaze uhuru. Kufika katikati ya muongo huo, ndiye aliyekuwa mhariri wa Liberia Herald.

Kiti hicho kilishawazoea wahamiaji. Kabla yake kilikaliwa na John Russwurm, mzaliwa wa Jamaica, ambaye mwaka 1827 alishirikiana na Samuel Cornish kuanzisha Freedom's Journal kule New York, gazeti la kwanza la watu weusi Marekani kumilikiwa na weusi wenyewe.

Baadaye Blyden mhariri alikuja kuwa pia balozi. Wapo wanaoamini kwamba uandishi na ubalozi ni kazi mbili zinazopingana, kwamba mmoja anafichua na mwingine anafunika. Mimi sikubaliani. Mhariri mzuri anajua kumsoma mtu asiyempenda mpaka amwelewe, na Blyden alikuwa na kipaji hicho. Sehemu za bara za Liberia zilikuwa na Waislamu walioandikiana barua kwa Kiarabu, na walowezi wa pwani hawakuweza kuzisoma. Yeye, mchungaji wa Kipresbiteri, alifunga safari mwaka 1866 hadi Misri na Syria kwenda kujifunza lugha hiyo. Akiwa Giza, kwenye Piramidi Kuu, alichonga neno LIBERIA juu ya jiwe, na chini yake jina lake na tarehe: 11 Julai 1866. Leo angelala mahabusu, na ingekuwa halali. Lakini tazama alichokitanguliza. St. Thomas hakuitaja, jina lake mwenyewe alilishusha chini. Aliandika nchi iliyompokea.

Nchi hiyo nayo haikumpokea kwa upole siku zote. Mei 1871, katika vurugu za siasa zilizomzunguka Rais Edward Roye, kundi la watu lilimburuta Blyden katika mitaa ya Monrovia akiwa na kamba shingoni. Aliponea chupuchupu, akakimbilia Freetown, na huko akafanya nini? Akaanzisha gazeti jingine, The Negro, mwaka 1872. Mwaka 1875 makala yake kuhusu Uislamu na mtu mweusi ikachapishwa katika Fraser's Magazine la London, na wasomi wa Kiingereza wakaanza kumuuliza yeye mambo ya Afrika badala ya kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 1877 Liberia, nchi ileile ya kamba, ilimteua kuwa mwakilishi wake Uingereza, na mwaka uliofuata akapokelewa na Malkia Victoria. Hazina ya Liberia ilikuwa taabani, imebanwa na mkopo wa pauni 100,000 uliochukuliwa London mwaka 1871. Wangeweza kumtuma mtu wa ukoo mkubwa wa Monrovia, mwenye kanzu safi na asiye na maneno. Walimtuma mwandishi aliyekuwa tayari anasomwa kule alikokuwa anakwenda. Mwaka 1892 wakamtuma tena, na mwaka 1905, mzee wa miaka zaidi ya 70, akapelekwa Paris.

Sitamfanya malaika. Blyden aliwachukia machotara waziwazi, na chuki hiyo aliiandika bila haya. Liberia yenyewe ilikuwa na unafiki wake: ilimpa uraia mweusi aliyetoka ng'ambo ya bahari, lakini Wakpelle na Wavai, wenyeji wa ardhi hiyo tangu na tangu, hawakuhesabiwa raia mpaka mwaka 1904. Blyden alilipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Inawezekana ugeni wake ndio uliomwezesha kuliona.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Katika tangazo hilohilo alikuwamo Timothy Bandora, aliyekuwa balozi wetu Nigeria. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, naye mhariri wa magazeti aliyepelekwa kuwa balozi Nigeria mwaka 1976. Ulimwengu baadaye alipata uraia wa tajnisi, na kalamu hakuiweka chini. Ila fikiria: mtu anaaminiwa kuisemea Tanzania mbele ya mataifa, kisha anarudi kuambiwa hakuwa Mtanzania. Monrovia walimfukuza Blyden kwa ugomvi wa siasa, na hilo ni baya, lakini walipomhitaji hawakudai cheti cha babu yake.

Haki lazima isemwe pia: Tanzania hiihii ilimaliza mwaka 2014 kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa familia zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972. Si nchi nyingi duniani zimethubutu hivyo. Watoto waliokulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu wanaongea Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, na wengine wana digrii. Tuna ubalozi Bujumbura, unaohitaji watu wanaosikia kinachosemwa sokoni na si mikutanoni tu. Wizara ya Mambo ya Nje ingeanzia kwa watoto hao.