Chuo kikuu kinapoingia mtaroni

JICHO LA MTAA
Na Zuhura Mbaraka

Sherehe za kutiliana saini kati ya vyuo vikuu na halmashauri zetu zinafanana. Meza imetandikwa kitambaa, chupa za maji zimepangwa, mganga mkuu wa halmashauri upande huu, profesa upande ule, wote wameshika mafaili na kutazama kamera. Miaka mitatu baadaye mtafute ofisa afya wa kata umuulize ushirikiano ule ulimwachia nini. Akikuonyesha fulana, ujue huyo ana bahati.

Ningenyamaza kama Dar es Salaam isingewahi kulifanya jambo hili vizuri. Lakini imewahi.

Mwaka 2004 Halmashauri ya Jiji ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15, tano Ilala, tano Kinondoni, tano Temeke, zenye wakazi zaidi ya laki sita. Wasomi hawakukosekana: watafiti wa afya wa Ifakara walikuwemo, Harvard, Durham ya Uingereza, na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi kutoka Basel. Ila mpango ulikuwa wa Jiji. Ulianzia ofisi ya Jiji, ukashuka manispaa, kata, hadi mtaa. Sisi tumezoea kinyume chake: chuo kinakuja na swali lililokwisha kupikwa kwao, halmashauri inaombwa gari na barua ya utambulisho.

Swali la Jiji halikuwa na mbwembwe. Viluwiluwi viko wapi, na nani atavifuata kila wiki? Kila wiki, kwa sababu ile dawa ya bakteria iitwayo Bti haidumu majini, na kwa joto letu mbu hahitaji muda mrefu kutoka yai hadi kuruka. Ukiruka dimbwi moja wiki moja, umefuga.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ninayoipenda kuliko zote. Wakazi waliopatikana kupitia kamati za afya za mitaa walichora ramani kwa mkono, kila mmoja akizungukia maeneo ya mabalozi wa nyumba kumi: nyumba hii, uchochoro ule, kisima, mtaro, matuta ya mchicha. Kisha wanajiografia wakaleta picha zilizopigwa kutoka angani, zimewekewa plastiki zisilowe, wakatembea nazo mtaani wakilinganisha. Yakaonekana maeneo ambayo hayakuwemo kwenye ramani ya mtu yeyote. Mabonde, mashamba, viwanja vitupu. Hakuna kaya, kwa hiyo hakuna balozi, kwa hiyo hakuna aliyeyachora. Mbu yeye hajali kama eneo lina balozi. Ofisi ya Jiji peke yake isingeyaona maeneo hayo, na profesa peke yake asingejua uchochoro unaishia kwa nani.

Kuna jambo lingine dogo, nalo lina akili nyingi. Anofelesi anayetuletea malaria hupenda maji ya wazi yanayopigwa na jua. Anayetukera kwa kelele usiku mara nyingi ni kuleksi, mbu wa vyooni na kwenye makaro, ingawa naye ana lake, maana hueneza matende na mabusha. Mwenye nyumba hawatofautishi. Ukimmalizia anofelesi wote halafu usiku akasikia nzii ile ile sikioni, kesho hakufungulii geti. Kwa hiyo mpango ukaweka dawa hadi kwenye vyoo vya shimo, kwa sehemu kubwa ili wananchi waendelee kuukubali. Na waliokuwa wakizunguka na dawa hiyo hawakupewa ahsante tu. Walilipwa kwa kiwango kile manispaa zilichokuwa zikiwalipa vibarua wa usafi wa barabara. Kidogo, lakini ni kiwango ambacho halmashauri inakijua.

Je, ilisaidia? Uchambuzi uliochapishwa 2009, wa mwaka wa kwanza wa dawa katika kata tatu za mwanzo, ulionyesha uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea umeshuka kwa asilimia 72. Mwaka 2013 ukatoka mwingine, wa muda mrefu zaidi na kata zote 15, ukasema asilimia 21. Mimi naiamini zaidi hii ya pili. Haina mvuto wa kuandikwa kwenye bango, lakini ndiyo inayomwambia mpanga bajeti ukweli wa kazi ikishapanuka. Kwa bahati mbaya zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya watafiti, na mwenyekiti wa mtaa si msomaji wa majarida hayo.

Wala kuachwa njiani hakukuwa jambo geni kwetu. Wajapani walikuwa na mradi wa malaria mjini Dar na Tanga kuanzia 1988, ukaisha 1996. Dawa sasa si tatizo, maana 2015 kilifunguliwa kiwanda cha viuadudu Kibaha kwa teknolojia ya Kuba. Mwaka 2017 ikabidi Rais Magufuli mwenyewe, akiwa kiwandani, azihimize halmashauri zikachukue dawa. Na ile Halmashauri ya Jiji iliyobeba mpango wa 2004 ilivunjwa mwaka 2021, Ilala ikawa Jiji. Leo mkoa una halmashauri tano na mabonde yanayopita mipakani mwao bila kuuliza.

Wakati huo huo dengi imetupiga 2014 na tena 2019, nayo huletwa na mbu wa matairi na makopo. Anofelesi wa mjini kutoka Asia, stephensi, anayezaliana hadi kwenye matangi ya maji, ameshafika Ethiopia na Kenya. Tazama simtanki zilivyojaa juu ya nyumba zetu, uniambie nani anajua ngapi zina mfuniko.

Chuo kikuu cha Muhimbili kila mwaka kinatoa wanafunzi wa afya ya jamii wanaokwenda mafunzo kwa vitendo na kurudi na ripoti. Ripoti hizo zingejibu swali la simtanki kama kuna mtu angeliuliza. Ninachotaka ni kifungu kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri, chenye fedha yake, hata kama ni ndogo ya kuchekesha, kwa maswali ambayo mganga mkuu anataka yajibiwe mwaka huo. Anayelipa, japo nauli, ndiye anayeuliza. Matokeo yasomwe kwanza kwenye kikao cha kata, kwa Kiswahili, kabla hayajapanda ndege.

Waganga wakuu watano wa mkoa huu, nileteeni maswali yenu matatu matatu. Nitayachapisha hapa, na vyuo vitayasoma.