Barua ya Wazi kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar

YAH: SAA ZA USIKU KATIKA MABWAWA YA HOTELI NA ZAMU ZA WAOKOAJI

Zanzibar, iliyopokea watalii zaidi ya 700,000 katika mwaka 2024, huwauzia wageni wake bahari mchana na bwawa usiku, kwani katika hoteli nyingi za mwambao, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Kiwengwa na Paje, bwawa la kuogelea huwekwa jirani na baa ili liwe pambo na kivutio baada ya jua kuzama. Hoja inayowasilishwa mbele ya Kamisheni kwa barua hii ni kwamba saa ya kulifunga bwawa haina budi kufuata zamu ya mwokoaji, yaani mtu aliyefunzwa kumtambua anayezama, kumtoa majini na kumrudishia pumzi, wala isifuate saa ya kufunga baa au mazoea ya watu wa mapokezi.

Kwa kuwa Unguja ipo takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mgeni aliyezoea kiangazi cha Ulaya ya kaskazini, ambako mwezi Julai kunaweza kuwa na mwanga wa jua hata saa tatu usiku, huiona saa hiyo kuwa ni jioni ya kuogelea, ilhali hapa Visiwani bwawa linaloachwa wazi hadi saa nne usiku hutumika gizani kwa takriban saa tatu. Ratiba iliyoigwa kutoka hoteli za huko, hata ikinakiliwa neno kwa neno, haileti usalama uleule.

Taa nazo hazimalizi tatizo kama inavyodhaniwa. Kanuni inayofuatwa na waokoaji kwingi duniani ni kwamba mtu aliyesimama ukingoni aweze kuliona bila shida tundu la kutolea maji lililo kwenye sakafu ya sehemu yenye kina kirefu, na asipoliona, watu watolewe majini. Usiku, taa za baa na zile zinazoning'inizwa minazini hutua juu ya maji na kuufanya uso wake ung'ae kwa namna inayoficha kilicho chini, na maji yenyewe, baada ya kutwa nzima ya jasho na mafuta ya kukinga jua, mara nyingi huwa yameingia ukungu. Bwawa linalopendeza katika picha ya usiku linaweza kuwa na mtu sakafuni asionekane na yeyote aliyeketi mita tano kutoka hapo. Taa zilizozamishwa ndani ya kuta za bwawa husaidia zaidi, lakini zikiachwa ziwake hadi alfajiri kwa ajili ya urembo huwa ni mwaliko kwa mgeni aliyekunywa na kwa mtoto aliyeamka.

Kinachoongeza hatari ni kwamba kuzama hakuna kelele. Francesco Pia, mwokoaji wa Marekani aliyewachunguza watu waliokuwa wakizama katika ufuo wa Orchard Beach jijini New York, alieleza kwamba anayezama hawezi kuita wala kupunga mkono, kwa kuwa mdomo wake huibuka kwa muda mfupi mno usiotosha kupata pumzi na kupiga kelele kwa pamoja, huku mikono ikikandamiza maji pande zote mbili bila hiari yake. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu hutoweka. Asiyefunzwa hudhani anatazama mtu anayechezea maji, na muziki wa ukumbini ukiwa juu, hata sauti ya mtu kujitupa majini haisikiki.

Kwa desturi, mzigo wa kuwaangalia waogeleaji usiku humwangukia askari wa lindo mwenye tochi na rungu, ambaye aliajiriwa kuzuia wezi, anayezunguka kutoka lango kuu hadi ufukweni, na ambaye pengine hajui kuogelea. Si haki kumlaumu. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika, ilhali kutoka Nungwi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari ya karibu kilomita 60, kwa hiyo anayeweza kuokoa maisha ni yule aliyepo ukingoni, na gari la wagonjwa, liwe la kasi namna gani, huja kumalizia kazi yake.

Kibao kinachomwambia mgeni kwamba hakuna mwokoaji na kwamba aogelee kwa dhamana yake mwenyewe huilinda hoteli mbele ya mwanasheria, nacho hakimzuii mtoto asiyejua kusoma. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2003, iliwataka wenye mabwawa binafsi, yakiwemo yanayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, waweke angalau kinga moja kati ya uzio, king'ora, kifuniko au banda la kulifunika bwawa lote. Mpangilio wa namna hiyo unafaa hapa kwa saa zisizo na mwokoaji, ingawa king'ora peke yake, katika ua wenye muziki, si kinga ya kutegemewa.

Wenye hoteli watataja gharama, na hoja yao ina uzito kwa nyumba ndogo za wageni zenye vyumba vichache, ambazo kwao njia rahisi ni kulifunga bwawa magharibi. Hoteli kubwa haina udhuru huo, hasa inapomtumia mwokoaji iliyo naye kukunja taulo, kupanga vitanda vya jua na kupeleka madafu, kazi zinazomgeuza ayape maji kisogo. Watu wa kufunzwa wapo: huko Nungwi, Mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana na wanawake kuogelea na kujiokoa, na wahitimu wa mafunzo kama hayo wangeweza kushika zamu za usiku iwapo hoteli ingewapatia usafiri wa kurudi nyumbani, kwani daladala za shamba hazisubiri saa nne.

Kamisheni inaombwa kuyaingiza mambo haya katika ukaguzi wake wa hoteli, na ukaguzi wenyewe ufanywe saa tatu usiku, mkaguzi akisimama ukingoni na kulitafuta kwa macho tundu la sakafuni, kisha akiuliza jina la mwokoaji aliye zamu na cheti chake. Tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, huangukia katika msimu wa wageni wengi, na ingefaa kuwa usiku wa kwanza wa ukaguzi huo.