Ghala la kukodi, kufuli ni lako

Wafanyabiashara wengi siku hizi hawatunzi tena hesabu zao kwenye kompyuta ya ofisini. Vitabu vya mauzo, orodha ya wateja, na hata majina ya wakulima na kilo walizopima, vyote vinahamia kwenye kompyuta za kampuni kubwa za nje, huduma inayojulikana kama wingu. Gharama zake ni nafuu, na kompyuta ya ofisi ikiibiwa kumbukumbu zinabaki.

Tatizo ni kwamba wengi wanadhani wakishalipia huduma hiyo, suala la ulinzi limekwisha. Si kweli.

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mwendesha ghala huwajibika kwa mzigo aliopokea. Wingu halifanani na hivyo. Ni sawa na kukodi chumba katika ghala: mwenye jengo analinda kuta na paa, lakini kufuli na funguo ni zako.

Mwaka 2014, kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikiwatunzia watengenezaji wa programu kazi zao kwenye wingu la Amazon, iliingiliwa na mhalifu aliyepata ufunguo wa akaunti yake na kudai fedha. Kampuni ilipojaribu kumtoa, alianza kufuta. Ndani ya saa 12 hivi sehemu kubwa ya kumbukumbu ilikuwa imepotea pamoja na nakala za akiba, kwani nazo zilifikiwa kwa ufunguo uleule. Kampuni ilifunga biashara.

Wakubwa nao hawakupona. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kuwa taarifa za watu wapatao milioni 106 wa nchi hiyo na Canada zimechukuliwa, chanzo kikiwa kizuizi cha mtandao kilichopangwa vibaya. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 80. Mwaka 2024 wateja wa Snowflake wapatao 165 walikuwa hatarini; wengi walioingiliwa walitegemea neno la siri peke yake.

Mwenye jengo naye huweza kuanguka. Agosti 2023, CloudNordic ya Denmark ilishambuliwa na wateja wake wengi wakapoteza kila kitu walichohifadhi huko.

Kwa Tanzania, suala hili si la kiufundi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kumlaumu mtoa huduma hakutamwondolea mwenye biashara wajibu huo.

Hatua za mwanzo hazihitaji mtaji mkubwa. Kila mtumishi awe na akaunti yake, na anayeacha kazi ifungwe siku hiyohiyo. Neno la siri liongezewe uthibitisho wa pili kupitia simu. Nakala ya kumbukumbu iwekwe mahali pengine kabisa, kwa ufunguo tofauti, na ijaribiwe mara kwa mara kama inafunguka. Ufunguo mkuu usibaki mikononi mwa fundi aliyefunga mfumo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari sasa liko mbali na macho ya mwenyewe. Ajue basi ni nani anayeweza kulifungua.