Kipimo cha taifodi nacho kivuke mpaka

Mfanyabiashara anayepitisha mahindi Namanga anajua kuwa unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 13.5. Kipimo ni kilekile upande wa Tanzania na wa Kenya, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kiwango kimoja. Lakini akiugua taifodi safarini, cheti chake cha maabara kinaweza kusomwa kwa namna mbili.

Chukua siprofloksasini, ile 'sipro' ya madukani. Hunasa kimeng'enya kiitwacho jairesi, ambacho bakteria hukitumia kusokota DNA yake. Kikinaswa, DNA hukatika na bakteria hufa. Aliyebadili umbo la jairesi yake hanaswi kirahisi. Huo ndio usugu.

Maabara huupima hivi: bakteria waliooteshwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa hupakwa juu ya sahani ya agari, kipande kidogo cha karatasi chenye mikrogramu 5 za sipro huwekwa juu yake, kisha sahani huachwa kwenye joto la mwili hadi kesho yake. Dawa inapofanya kazi, bakteria hawaoti, na hubaki duara tupu. Mtaalamu hupima upana wake kwa rula.

Utata unaanzia hapo. Zamani milimita 21 zilitosha kusema dawa inafaa. Mwaka 2012 CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, ilipandisha hadi 31 kwa taifodi, kwa sababu wagonjwa wenye duara la katikati walitibiwa bila kupona vizuri. Ulaya hutumia karatasi ya dawa nyingine ya ukoo huohuo, pefloksasini. Basi duara la milimita 25 ni "dawa inafaa" penye jedwali la zamani, na ni onyo penye jedwali jipya. (Widal, kipimo kinachopendwa na wenye haraka ya basi, hakisemi lolote kuhusu dawa.)

Wizara za afya za Jumuiya zilioweza kukubaliana kuhusu mengi haziwezi kushindwa na jedwali. Zichague moja, na kila cheti kitaje jedwali lililotumika na mwaka wake. Kwa sasa, msafiri aombe aandikiwe milimita zenyewe, si neno "inafaa" peke yake, na karatasi hiyo aiweke pamoja na pasi yake, ili daktari wa ng'ambo aisome mwenyewe kabla ya kuandika sipro nyingine.