Mbuzi wa Akika Yupo, Gari la Hospitali Halipo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu katika imani, akina baba na akina mama, na ninyi vijana mnaosoma Muni na vyuo vingine, leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wazee hulinong'ona na wanaume hulikwepa kwa kuliita "mambo ya wanawake". Nalo ni kujifungua wakati nchi imefungwa kwa sababu ya maradhi.

Tukumbushane kwanza yaliyopita, maana tumekuwa wepesi wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi 2020. Tarehe 25 usafiri wa umma ukasimamishwa na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakapigwa marufuku, ikawekwa kafyu kuanzia saa moja ya jioni, na mwenye mgonjwa akaambiwa aombe kwanza ruhusa ya RDC wa wilaya yake. Sasa mchukue mama wa Ludara au Lobule, uchungu umemshika saa nne za usiku. Ofisi ya RDC iko Koboko mjini, na saa hiyo imefungwa. Mumewe atembee usiku, avunje kafyu, akaombe ruhusa ya kumpeleka mkewe mahali ambapo yeye mwenyewe ameshafika kwa miguu! Ilichukua wiki kadhaa, hadi Aprili hiyo, ndipo Rais alipotangaza kwamba wajawazito hawahitaji tena ruhusa hiyo. Katika wiki hizo magazeti na mashirika ya kutetea wanawake yaliripoti wajawazito waliofariki kwa kushindwa kufika hospitali. Na mwisho wa Mei, magari binafsi yaliporuhusiwa kwingine, wilaya za mpakani zikaachwa nyuma, na sisi watu wa Arua na Koboko ni wa mpakani.

Akina mama hao hawakuuawa na corona. Waliuawa na njia. Amri ile ilikuwa mbaya, na aliyeiandika hakumfikiria mwanamke hata kidogo. Hilo tumelisema na hatuliondoi.

Lakini makala hii hatukumwandikia RDC. Tumekuandikia wewe, baba wa nyumba, kwa sababu njia ya hospitali ilikuwa imefungwa nyumbani kwako kabla ya Machi 2020, na katika nyumba nyingi bado imefungwa. Mke hawezi kutoka mpaka mume arudi. Mume yuko Ariwara kwenye biashara, simu haipatikani. Mama mkwe anasema tusubiri kidogo, mimba ya kwanza huwa hivyo. Jirani anasema mimi nilizaa wanane hapa hapa kwenye mkeka. Pesa haipo, na iliyopo haijulikani ilipo. Usiku unakwisha hivyo.

Na ajabu ni kwamba pesa ya akika huwa ipo! Ukimwuliza baba mtarajiwa mwezi wa saba wa mimba, atakueleza habari ya mbuzi: kama ni mtoto wa kiume wawili, wa kike mmoja, mchele utatoka wapi, nani atapika, nani ataalikwa. Mwulize sasa ni gari la nani litakalombeba mkewe usiku, atakuangalia kama umemtukana. Ndugu yangu, akika ni sunna nzuri na hatumkatazi mtu. Ila kuilinda nafsi ya mkeo ni wajibu. Ni elimu gani hii inayotanguliza sunna ya siku ya saba na kuacha wajibu wa siku ya kwanza?

Hapo ndipo tunapojibiwa: "Ajali haina kinga, ni qadari ya Allah." Jibu hili tumelisikia sana, na linatolewa kwa sauti ya uchamungu. Basi na tumwulize anayelitoa kama yeye ni mchamungu kuliko Umar ibn Khattab (r.a.). Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwashauri masahaba kisha akageuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mwanamume anayefunga pikipiki yake kwa kufuli mbili mbele ya msikiti, halafu kwa mkewe mwenye mimba ya miezi tisa anasema tawakkal, huyo anaelewa vizuri sana maana ya tawakkal. Anachagua tu mahali pa kuitumia.

Lipo na jibu la pili, zito zaidi, ambalo husemwa makaburini: mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Hilo ni kweli, limepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini limesemwa kwa ajili ya nani? Limesemwa kwa ajili yake yeye marehemu na watoto wake. Halikusemwa ili mume aliyekaa bila kujiandaa apate mahali pa kujificha. Aliyekufa kwa kuzama naye amehesabiwa shahidi, na hakuna baba anayemwacha mwanawe kwenye Mto Enyau uliofurika akingoja daraja hilo.

Uthman ibn Affan (r.a.) hakwenda Badr. Mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume (s.a.w.) ndiye aliyemwambia abaki amwuguze, akampa fungu na malipo sawa na aliyehudhuria vita. Vita vya kwanza vikubwa vya Uislamu, na mume anabakishwa kwa ajili ya mke! Leo mtu hawezi kuacha soko la siku moja.

Kujiandaa kwenyewe si elimu ya kuvuka bahari. Kadi ya kliniki isikae bure, mama ahudhurie tangu miezi ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio manane, na ikiwa kuna zuio la kutembea, ulizeni mapema kituo kipi cha karibu kinafanya kazi na kipi kimegeuzwa cha wagonjwa wa maradhi hayo. Kile kifurushi tunachokiita Mama Kit, chenye glovu, karatasi ya plastiki, wembe, uzi wa kitovu, pamba na sabuni, kiwe ndani ya nyumba mwezi wa nane, kwani soko laweza kufungwa kesho. Jueni watu wawili watatu wa ukoo walio tayari kutoa damu. Mke awe na pesa ya safari mkononi mwake, si mfukoni mwa mume. Na jambo hili tunalirudia kwa akina mama wakwe: damu ikianza kutoka, kichwa kikiuma vikali na macho kuona ukungu, uso ukivimba, degedege, homa, au maji kupasuka bila uchungu kuja, hapo hapangojwi mtu arudi. Damu ya baada ya uzazi inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya ndani ya saa chache.

Mtoto akishazaliwa, maradhi yakiwa mtaani, wageni wapunguzwe. Tunajua hili litawaudhi mashangazi. Dua hufika kwa simu. Anayemlainishia mtoto tende awe mzazi wake asiye na homa, wala isiwe kila mzee anayepita. Mama akiwa na corona asinyimwe kunyonyesha, kwani wataalamu walieleza tangu 2020 kwamba aendelee, avae barakoa na anawe mikono.

Kuna na mabinti zetu. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, na katika muda huo wengi walipata mimba, tena wengine nyumbani mwa watu wa heshima. Aliyefichwa chumbani kwa aibu hakuiona kliniki. Kosa lina mahali pake pa kushughulikiwa, na mahali hapo si pale msichana wa miaka kumi na sita anapovuja damu.

Wapo watakaosema corona imekwisha, ya nini kufukua? Ebola ilithibitishwa Ariwara mwaka 2019, ng'ambo tu ya mpaka. Mwaka 2021 njia zilifungwa tena nchi nzima. Mwaka 2022 Mubende na Kassanda zikafungiwa kwa Ebola, na mwaka 2025 Ebola ikatangazwa Kampala. Sisi tuko katikati ya Congo na Sudan Kusini, na kila siku tunapokea wageni wa Vurra na Oraba.

Mtu akifariki mtaani kwetu, jeneza la msikiti hufika upesi. Sanda ipo, wachimbaji wapo, wa kubeba wanagombania thawabu, hata usiku wa mvua. Kwa hiyo kusiwe na mtu wa kutuambia kwamba hatuna watu au hatuna utaratibu. Ijumaa hii baada ya swala, kabla watu hawajatawanyika, katibu wa msikiti aulize nani ana gari, nani ana pikipiki nzima, na nani hupokea simu saa nane za usiku. Aandike majina na namba zao, kisha karatasi hiyo ibandikwe mlango wa upande wa akina mama, maana wao ndio watakaopiga.

Wabillahi tawfiq.