Siri ya Usaili Isiwe Mali ya Wachache

Kila mwaka makampuni ya New York, Chicago, London na Amsterdam yanayonunua na kuuza hisa kwa nguvu ya hisabati huwaita vijana wa vyuo vikuu kuwasaili. Vijana wetu wanaosoma katika nchi hizo nao hubisha hodi. Mshahara ni mnono, nafasi ni chache.

Maoni yetu ni kwamba wengi wanaorudi mikono mitupu hawakupungukiwa na akili. Walipungukiwa na habari. Mwanafunzi wa chuo chenye jina kubwa huwa na rafiki aliyemtangulia katika makampuni hayo, naye humsimulia usaili hatua kwa hatua. Mtoto wa mkulima hana wa kumsimulia. Huo ni upendeleo usioandikwa popote, lakini unauma kama ule ulioandikwa.

Basi na ieleweke wazi kinachopimwa. Kwanza ni hesabu za kichwa. Kampuni ya Optiver, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1986, imejulikana kwa mtihani wa maswali 80 kwa dakika 8. Yaani sekunde 6 kwa kila swali. Hapa hakuna hila ila mazoezi ya kila siku.

Pili ni kupima jambo lisilo na hakika. Msaili husema: rusha dadu, nami nitakulipa shilingi kwa idadi itakayotokea, ukipenda, utarusha mara ya pili, ila utalipwa kwa mrusho huo wa mwisho. Je, mchezo huu una thamani gani? Mrusho mmoja wastani wake ni 3.5. Kwa hiyo mwenye busara atabaki na 4, 5 au 6, na atarusha tena akipata 1, 2 au 3. Nusu ya mara atapata wastani wa 5, na nusu nyingine 3.5, thamani ni 4.25.

Tatu, naye ndiye mtihani mkubwa, ni kutaja bei mbili: ya kununulia na ya kuuzia. Kijana akisema atanunua mrusho mmoja kwa 3.3 na kuuza kwa 3.7, msaili aweza kununua, akanunua tena na tena. Mwenye kiburi atashikilia bei yake. Mwenye kufikiri atajiuliza: huyu anajua nini nisichokijua? Kisha atapandisha bei.

Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu na kisha shule za serikali tulilelewa katika kuhifadhi, na kuhifadhi kuna heshima yake. Lakini aliyehifadhi majibu 100 ya dadu atakwama pale msaili atakapoongeza mrusho wa tatu. Kinachotakiwa ni kufikiri kwa sauti, kuuliza pasipoeleweka, na kukiri kosa mara linapoonekana. Ajifanyaye kujua hujifungia mlango mwenyewe.

Wako watakaotuuliza: kazi hii haioteshi mhogo wala haifui chuma, kwa nini tuishughulikie? Swali hilo ni halali, nasi hatusemi kwamba kila kijana hodari wa hesabu aikimbilie. Tunasema kwamba mtihani ukiwa wa wote, namna yake nayo ijulikane na wote. Tena elimu ya kupima hasara na faida kabla ya kuamua inahitajika katika vyama vya ushirika, katika bima na katika benki zetu pia.

Njia ipo. Jane Street, kampuni ya New York, imetoa bure mwongozo wa uwezekano na masoko kwa ajili ya wanaosailiwa, na hutoa mafumbo ya hesabu kwa umma. Vijana wausome wawili wawili, mmoja awe msaili, mwingine msailiwa, kisha wabadilishane. Walimu wa hisabati walete dadu darasani. Nao waliokwisha kuingia katika makampuni hayo wasivute ngazi juu baada ya kupanda. Barua moja ya maelezo kwa shule iliyowalea haiwapunguzii kitu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni haki yake kwanza aambiwe kitanda kiko wapi.