Saa Iliyoacha Kung'aa Haijaacha Kutoa Mionzi

Kutoka Nkuhungu hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Huenda basi ikaonekana ajabu kuzungumzia saa za wazamiaji wa kijeshi katika kata ya Jiji la Dodoma. Lakini saa hizo hazihitaji bahari ili zifike. Hununuliwa kwa intaneti, hutumwa kwa kifurushi, au huletwa na ndugu aliyerejea kutoka ughaibuni.

Thamani yake hutokana na historia. Kampuni ya Panerai ya Firenze iliwapa wazamiaji wa jeshi la majini la Italia saa iliyoitwa Radiomir, jina lililotokana na rangi yake ya radiamu iliyong'aa gizani. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, wazamiaji wa jeshi hilo waliingia bandari ya Alexandria na kuziharibu manowari mbili kubwa za Uingereza. Kupenda kumbukumbu za aina hiyo si kosa. Hatari huanza mfuniko unapofunguliwa.

Rangi hiyo ilichanganya radiamu na salfaidi ya zinki. Zinki ndiyo inayochakaa, na kwa hiyo saa huacha kung'aa baada ya miaka michache. Radiamu yenyewe huhitaji takriban miaka 1,600 ili ipungue hadi nusu. Saa iliyotengenezwa mwaka 1941 ingali na zaidi ya asilimia 95 ya radiamu yake, ingawa gizani ni nyeusi kama jiwe. Mwili nao huidhania radiamu kuwa kalsiamu na kuihifadhi ndani ya mifupa.

Madhara yake yalionekana Marekani miaka ya 1920. Wanawake waliopaka nyuso za saa huko New Jersey walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wakapata upungufu wa damu, wakaoza taya, na baadhi yao wakapata saratani ya mifupa. Watano kati yao waliishtaki kampuni, na shauri likamalizika kwa suluhu mwaka 1928. Walioumia walikuwa mafundi. Wavaaji hawakudhurika namna hiyo.

Hapo ndipo maonyo mengi yanapokosea njia, kwa kuwa humwendea mkusanyaji. Anayestahili kuonywa ni fundi saa wa mtaani, ambaye huletewa saa kongwe na kuombwa airudishie mng'ao. Huikwangua rangi kavu kwa ncha ya kisu, huupuliza unga kwa mdomo, kisha chai huletwa juu ya meza ileile. Saa iliyoundwa izuie bahari nzima hufunguliwa mbele ya upepo wa Dodoma!

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Saa moja iliyofungwa vyema, ikivaliwa mkononi, haina sababu ya kumtia mtu hofu kubwa. Saa nyingi za miaka ya 1960 na kuendelea, zenye herufi T chini ya uso wake, zilitumia tritiamu, ambayo hupungua hadi nusu kwa miaka 12 hivi. Mionzi yake haipenyi kioo. Tatizo ni wingi wa saa za radiamu katika chumba kisichopitisha hewa, kwani radiamu huzalisha gesi ya radoni, na radoni husababisha saratani ya mapafu. Kabati la mkusanyaji lisikae chumba cha kulala.

Anayeshuku saa yake asiifungue, asiichome moto wala kuitupa jalalani. Aifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuomba ushauri wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeikabidhi usimamizi wa mionzi nchini. Fundi naye ana haki ya kukataa kazi hiyo, hata kama malipo yake ni mazuri.

Wahudumu wa afya, kwa upande wao, huandika neno "fundi" katika jalada na kuendelea mbele. Haitoshi. Fundi saa anayefika zahanati na maumivu ya taya yasiyopona au upungufu wa damu usioeleweka aulizwe kama amewahi kukwangua rangi ya saa za zamani, kwa miaka mingapi, na kama alikuwa akipuliza kwa mdomo.